Likizo ya Kulipia Jasho

Chepngetich alianza kukiona kidole, ndipo akamwona mwenye kidole. Ilikuwa Jumamosi, duka kubwa la vyakula kando ya barabara kuu ya Rockville Pike, huko Marekani, limefurika, vitoroli vinagongana, watoto wanalilia peremende, na penye mboga alisimama mwanamume mrefu mwenye koti la jinzi akihangaika kufungua mfuko wa nailoni. Mfuko uligoma. Mwanamume akatia kidole mdomoni, akakilamba kwa utulivu kabisa, akaufungua mfuko, kisha kwa kidole hichohicho kinachong'aa mate akaanza kuchambua maharagwe mabichi. Hili analichukua, lile analirudisha.

Chepngetich alishikwa na kinyaa. Si kwamba alikuwa mtu wa kudeka. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee katika nyumba moja ya kulelea hapo Rockville, na kila siku aliosha, akafuta na kubadilisha mambo ambayo wengine hawayataji mbele ya chakula. Hayo hayakumchefua hata kidogo, maana mzee asiyejiweza hana kosa. Kinyaa chake alikiweka akiba kwa wazima, wenye nguvu zao na akili zao, ambao bado wanafanya upuuzi. Kwa hiyo akamwambia yule bwana kwa Kiingereza, bila kupunguza sauti, kwamba maharagwe hayo yataliwa na watu.

Bwana akaomba radhi kwa Kiingereza hichohicho. Kisha akageukia kitoroli chake na kunong'ona kwa Kiswahili, akiwa na hakika kwamba hapo hakuna wa kumwelewa:

"Loo, dada wa watu, sura kama kanusa maziwa yaliyochacha."

"Kwetu maziwa yaliyochacha wanapewa wageni wa heshima," Chepngetich akamjibu. "Wewe nisingekupa."

Mfuko ukamponyoka, maharagwe yakatawanyika sakafuni. Badala ya kuona haya, yule bwana akaangua kicheko cha tumboni kilichomfanya hata muuza samaki ageuke. Ana meno safi, Chepngetich akasema moyoni, na akajikasirikia kwa kuyaona. Yeye mwenyewe alikuwa bado na sare yake ya kazi ya buluu, viatu vyeupe, na nywele zilizosukwa na kuvutwa nyuma mpaka paji la uso likabaki wazi lote. Bwana akamuuliza kama ni Mkenya. Chepngetich akataka kujua amejuaje, akaambiwa kwamba Mtanzania angetanguliza pole kabla ya kutukana.

Jina lake lilikuwa Gervas Wambura, mtu wa Musoma, na alifanya kazi Arlington, katika chumba cha barua na fotokopi cha ofisi moja ya utalii. Siku hiyo aliyaokota maharagwe yote, ya sakafuni na aliyoyashika, akayanunua. Kisha akamsubiri mlangoni na kumwomba namba ya simu. Chepngetich alikitazama kile kidole, akatazama meno, akampa.

Basi simu zikaanza. Gervas alipiga kila jioni Chepngetich alipotoka kazini, na mazungumzo yao yalianzia palepale siku zote.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Si maharagwe."

Hapo watacheka, na simu itakaa sikioni mpaka Awino, Mjaluo muuguzi aliyekuwa akipanga naye, agonge mlango akidai na yeye ana watu wa kuwapigia. Jumapili Gervas alipanda treni mpaka Rockville akiwa amevaa shati lililopigwa pasi hadi kola ikasimama, wakaenda kula, wakabishana kuhusu Kiswahili cha nani ni kibovu. Alimwita Chepi. Alijifunza kunawa mikono kabla hajakumbushwa. Mwaka mzima ukapita hivyo, na Chepngetich, ambaye hakuwa mwepesi wa kupenda, akajikuta amependa.

Kitu kimoja alimsimulia mapema, ili asije akasema hakujua. Dada yake mkubwa, Jeptoo, alichukuliwa njiani akitoka sokoni, na mwanamume ambaye hata hakuwa anamjua vizuri, akiwa na vijana wenzake. Wazee wakaja baadaye kusawazisha, ng'ombe wakatolewa, mambo yakaisha. Jeptoo alikuwa na nyumba nzuri ya mabati na watoto, na hakuna aliyewahi kumsikia akicheka tena.

"Hakuulizwa," Chepngetich alimwambia Gervas siku ile. "Mimi nataka tu kuulizwa."

Gervas aliushika mkono wake, akasema pole, na akasema ameelewa. Hakuelewa, lakini hilo tutalifikia.

Mwaka 1998, baridi ilipoanza kuachia, Gervas alipiga simu akiwa na furaha hata maneno yanamgongana. Ofisi yao iliuza likizo za kutembea. Mtu alifika Bermuda, kisiwa kidogo cha matajiri, akapewa ramani na kijitabu cha maelekezo, akatembea kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, bila kiongozi, na mizigo yake ikitangulizwa kwa gari. Wateja fulani walikuwa wameghairi dakika za mwisho, pesa zao zimeshaliwa, na bosi akasema Gervas aichukue nafasi yao, yeye na mwenzake.

"Hebu ngoja," alisema Chepngetich. "Watu wanatoa pesa, wanapanda ndege, halafu wanaenda kutembea?"

"Ndiyo."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu, mpenzi. Mgeni hata akitaka kukodi gari kule haruhusiwi."

"Gervas, mimi nimetembea kwenda shule utoto wangu wote, kupanda na kushuka, na hakuna mtu aliniambia hiyo ni likizo. Saa hii natembea korido za wazee kutwa nzima. Sasa nipewe off, niende kutembea?"

Gervas alibembeleza. Chepngetich akatoa sharti: vyumba viwili, na kila mmoja na ufunguo wake. Gervas alikubali kabla sharti halijamalizika kutamkwa. Lakini kilichomfanya Chepngetich akubali kwenda hakikuwa bahari wala vyumba viwili. Awino ndiye aliyemwekea neno sikioni.

"Msichana, mtu hakupeleki kisiwa cha matajiri akuonyeshe mawe," alisema Awino huku akimtolea kabatini gauni lake la njano, la kitambaa laini, lenye mkanda kiunoni. "Huyo anaenda ku-propose. Beba hii."

Chepngetich alilikunja gauni akaliweka chini kabisa ya begi, kana kwamba halina maana. Jibu la kuombwa uchumba alikuwa nalo tayari. Alishalisema mbele ya kioo cha bafuni, taratibu, kujua sauti yake itakuwaje.

Bermuda ilimchukiza toka uwanja wa ndege. Hewa ilimganda mwilini kama shuka lenye mvua. Nyumba zimepakwa rangi za vidonge, waridi, kijani cha kufifia, manjano, na mapaa meupe yenye ngazi ngazi. Wanaume wazima waliingia benki wamevaa koti na tai juu, na chini kaptura na soksi zilizovutwa mpaka magotini, na hakuna aliyewacheka. Mkate uliuzwa bei ya viatu. Glasi ya maji ukiomba, huletewa na karatasi ya malipo. Kitu pekee alichokikubali ni kwamba wenyeji hawakumjibu mtu swali kabla hajawasalimia, jambo ambalo Wamarekani wa Rockville hawajafundishwa na mama zao.

Watalii ndio waliomaliza hamu yake ya chakula. Asubuhi ya kwanza mama mmoja mwenye kofia kubwa alivua soksi palepale mezani, akauweka unyayo juu ya kiti, akaanza kubandua lengelenge kwa kucha huku akiisifu jemu. Lile ganda la ngozi akaliweka kwenye ukingo wa sahani. Chepngetich alisukuma chai yake mbali. Amekwisha kuosha nyayo za watu waliokaribia kufa, na hakuna hata mmoja wao aliyemletea unyayo mezani.

Njia ilipita mahali ambapo zamani treni ilikuwa ikipita, reli zikaondolewa, ukabaki udongo na vichaka, na bahari inachungulia upande mmoja. Gervas alivaa kaptura mpya, fulana nyeupe na kofia, akakishika kijitabu mkononi kama padri aliyeshika misale. Kijitabu kilisema pinda kushoto penye ukuta wa waridi. Kuta zote zilikuwa za waridi. Walipotea, wakajikuta ndani ya bustani ya mtu ambapo bibi mmoja aliwakaribisha juisi ya limau, wakacheka mpaka Chepngetich akasahau kukasirika. Gervas alimpangusa jasho shingoni kwa leso, polepole, akamwambia hata akinuna ni mzuri. Ilikuwa nafasi nzuri ya kuuliza. Hakuuliza.

Badala yake alikiona kibanda cha simu.

"Nakuja sasa hivi, mama," akasema, akakimbia.

Siku ya kwanza Chepngetich alidhani ni kazi. Kesho yake tena, katikati ya njia, Gervas akachomoka kwenda kwenye simu, akampa mgongo, kiganja kimefunika mdomo. Alipoulizwa alisema ni mambo ya ofisini. Siku iliyofuata vivyo hivyo, na mara hiyo akarudi ana furaha ya ajabu, akimtazama Chepngetich na kuangalia pembeni upesi. Mambo ya ofisini hayamfurahishi mtu hivyo. Chepngetich akaanza kuvihesabu vibanda vya simu vya kisiwa kile kama maadui, vyote.

Siku waliyokwea mnara wa taa alivaa gauni la njano. Gervas ndiye aliyekuwa ameusifia mnara ule tangu Arlington, akisema huko juu ndiko mahali pa maana. Walipanda ngazi za chuma zinazozunguka, wakatoka nje kwenye upepo, kisiwa chote kikalala chini yao, chembamba, kimezungukwa na maji ya rangi ya kioo. Upepo ulivuta gauni. Hakukuwa na mtu mwingine. Chepngetich alishika vyuma, akangoja, na jibu lake likiwa tayari ulimini.

Gervas alitazama bahari. Akamtazama yeye. Akatazama saa.

"Chepi, umependeza sana," akasema. "Nakuja sasa hivi."

Akashuka ngazi mbio. Chepngetich alisimama pale juu peke yake na gauni la kuazima. Kisha akashuka nyuma yake, polepole, viatu mkononi ili visilie kwenye chuma. Kibanda kilikuwa karibu na mlango, na mlango wake haukufungika vizuri.

"Sawa, Domina, nakutegemea wewe," Gervas alikuwa akisema kwa sauti ya chini, anacheka. "Hapana, yeye hajui kitu. Hajui kabisa."

Na kwenye waya Chepngetich akasikia mwanamke akicheka.

Kile kinyaa alichokuwa akikigawa kwa wenye soksi ndefu na wabandua malengelenge kilirudi chote kwa pamoja, kikakaa mahali pamoja. Alimngojea Gervas ageuke.

"Domina ni nani?"

Gervas aliganda na simu mkononi. "Ni mama wa kwetu. Anakaa Woodbridge."

"Nini nisichokijua?"

"Nitakueleza tukirudi."

"Nieleze hapa."

"Siwezi sasa, mpenzi. Naomba uniamini. Kukueleza sasa si heshima."

"Heshima," alisema Chepngetich, na neno lilimtoka kama mtu aliyeng'ata mbegu chungu. "Wewe unatorokea kwa mwanamke mwingine kila ukiona simu, unanidanganya eti ofisi, halafu unaniambia heshima."

Chepngetich akachukua ramani kutoka mfukoni mwa Gervas, akaichana vipande viwili kwenye mkunjo, akamwachia kipande kimoja. Waliomaliza njia iliyobaki walikuwa watu wawili wasiojuana, mmoja mbele na mwingine nyuma sana. Kwenye ndege alijifanya amelala. Uwanja wa ndege alichukua teksi peke yake, na Gervas alibaki ukingoni mwa barabara na kofia yake ya likizo.

Jumapili hiyo, Chepngetich alipotoka ibadani, simu iliita. Ilikuwa sauti ya baba yake kutoka Kapsabet, mwalimu mkuu mstaafu, anayezungumza kwenye simu kwa sauti ya kufika uwanja wa gwaride.

Alimpa hongera. Alisema wazee wa Woodbridge ni watu wastaarabu. Mzee Ezekiel, ambaye zamani alikuwa dereva wa ubalozi, alikuwa amempigia mara kadhaa kwa niaba ya kijana Gervas, akajitambulisha vizuri, akaeleza ukoo. Baba akaomba muda ashauriane na ndugu zake, na wiki ile yote majibu yalikuwa yakipitia kwa mke wa Mzee Ezekiel, mama mmoja mcheshi aitwaye Domina. Wazee wamekaa, wameridhika. Jana amewapa neno.

"Umewapa neno gani, Baba?"

"Nimekubali, binti yangu. Umeposwa."

Awino, aliyekuwa amebandika sikio karibu, alijitupa kwenye sofa akishukuru Mungu. Hakukuwa na mwanamke mwingine. Domina alikuwa mke wa mshenga, basi. Chepi aache kununa, ampigie mwanamume wake.

Lakini Chepngetich alibaki amekaa na mkono wa simu mapajani, na kinyaa kilichomjia sasa kilikuwa kibaya kuliko kile cha kisiwani. Mwanamume mdanganyifu unajua pa kumtupa. Hili hakujua alitupe wapi. Wiki nzima ile yeye amebeba gauni la njano akingoja kuulizwa, mambo yake yalikuwa yakipita kwenye nyaya juu ya bahari, kutoka Bermuda hadi Woodbridge hadi Kapsabet, yakijadiliwa na watu ambao baadhi yao hajawahi kuwaona. Wote wanajua. Yeye hajui kitu. Hata baba yake, aliyemfundisha kusoma, hakumuuliza Mzee Ezekiel kama yule binti mwenyewe ameulizwa.

Jumamosi iliyofuata wakaja. Mama Domina alijaza mlango, mwanamke mpana aliyebeba zawadi ya kanga mpya ya doti iliyokuwa bado na harufu ya dukani, nyuma yake akina mama wawili na sufuria ya pilau iliyofungwa taulo. Vigelegele vilianzia kwenye lifti. Jirani Mmarekani alifungua mlango akafunga. Chepngetich aliwaamkia vizuri, akawakaribisha, akawapikia chai ya maziwa, akawasikiliza wakimwita mkwe na wakipanga rangi za vitenge. Walipokunywa wakamaliza, akaweka kikombe chake chini.

"Mama Domina, hiyo chai ni ya ugeni, mimi siwezi kumnyima mgeni chai. Lakini hongera sina pa kuzipokelea. Sijaulizwa."

Domina alishangaa kwa dhati. "Mwanangu, mbona baba yako kaulizwa."

"Basi aolewe baba."

Akina mama wakatazamana. Pilau iliachwa. Kanga pia iliachwa, imekunjwa juu ya kiti, na Chepngetich hakuigusa.

Jioni Gervas alipiga simu. Safari hii alieleza yote, haraka, kama mtu anayeogopa kukatwa. Kwao neno la posa likiwa njiani, mwoaji hafungui mdomo mpaka jibu lirudi, ndiyo maana alishindwa kusema pale mnarani. Alikuwa akipiga simu kila siku kuuliza kama baba amekubali, ili akipata jibu amwambie hapohapo, juu kabisa, na bahari chini.

"Ulinisimulia habari za dada yako," alisema. "Alichukuliwa barabarani, wazee wakaja baadaye. Nikasema mimi sitafanya vile hata siku moja. Mimi nitapitia mlango wa mbele. Nitawatanguliza wazee."

Chepngetich aliihamisha simu sikio jingine.

"Gervas, Jeptoo hakulilia wazee. Wazee walikuja, wakala, wakaondoka. Alilia kwa sababu hakuna mtu alimgeukia yeye akamuuliza. Na wewe hukunigeukia. Ulinipeleka juu ya mnara ukatazama saa."

"Chepi..."

"Nilikuwa nikupe jibu. Nilikuwa nimeliandaa. Sasa nikiliangalia linanitia kichefuchefu."

Akakata. Baada ya hapo simu ikiita aliiacha iite, na Awino akachoka kudanganya kwamba hayupo. Majuma yakapita. Jua la kiangazi likaja na unyevu wake, Rockville ikaanza kumganda mwilini kama Bermuda ya bure. Aliosha wazee wake. Mmoja wao, bibi aliyekuwa haoni, alimshika mkono siku moja akamuuliza kama ana huzuni, na Chepngetich akaenda kulia kwenye stoo ya taulo, akachukizwa na machozi yake mwenyewe.

Kisha Jumamosi moja asubuhi, alipotoka zamu ya usiku, alimkuta Gervas amesimama karibu na geti. Shati lilikuwa limemganda mgongoni, vumbi limepanda mpaka magotini, na uso unachuruzika.

"Umekuja na nini?" Chepngetich alimuuliza, kwa sababu hakupata neno jingine.

"Kwa miguu. Nimeshuka treni Bethesda, nikafuata barabara."

"Hiyo Pike yote? Hakuna mtu hutembea kwa Pike."

"Nimeona. Watu wananipigia honi." Akajipangusa kwa mkono wa shati. "Sina ramani. Sikutuma mtu mbele."

"Unanuka, Gervas."

"Najua."

Alikuwa ananuka kweli. Chepngetich akasogea upande wa upepo, lakini hakumwambia aende. Wakaanza kutembea kuelekea kwake, bega kwa bega pale njia ilipokuwa pana, mmoja nyuma ya mwingine pale ilipokwisha ghafla mbele ya maduka ya magodoro na viwanja vya magari ya kuuza. Magari yalipita yakiwafukizia moshi. Gervas hakusema kitu mpaka walipofika penye kituo cha petroli, chini ya kivuli chembamba cha paa lake, karibu na pampu ya upepo. Hapo akasimama. Hakupiga magoti, maana chini kulikuwa na mafuta.

"Chepngetich," akasema, jina zima, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Nakuuliza wewe. Si baba yako, si mtu mwingine. Unataka tuoane?"

Chepngetich alimtazama kwa ile sura yake ya dukani.

"Na nikikataa? Baba ameshakubali. Wazee wenu wameshapiga vigelegele."

"Ukikataa nitampigia mzee mimi mwenyewe, nimrudishie neno lake."

"Basi nakataa. Mpigie."

Ukutani kulikuwa na simu ya sarafu, imechorwachorwa kalamu, mkono wake unanata. Gervas aliitazama, akatoa kadi ya simu kwenye pochi na kuanza kubonyeza zile namba ndefu. Akakosea, akaanza upya. Kapsabet kulikuwa alasiri. Chepngetich alisimama karibu vya kutosha kusikia mlio, na akasikia sauti ya baba yake ikiitika.

"Shikamoo, mzee. Ni Gervas, wa Marekani." Alipoitikiwa, akainamisha kichwa. "Mzee, lile neno ulilotupa, nalirudisha. Leo nimemuuliza mwenyewe, na amekataa. Kosa ni langu, si lake. Nilipaswa kuanzia kwake, nikazunguka. Naomba mzee usimlaumu."

Huko ng'ambo kulikuwa kimya. Gervas alisimama katika kimya hicho, jasho linamdondoka kwenye kidevu, hajitetei, hageuki kumtazama Chepngetich kuona kama inatosha. Na hapo ndipo kile kinyaa kilichokuwa kimemkaa Chepngetich tangu mnarani kikaanza kushuka. Akanyoosha mkono, akaichukua simu. Kwa kawaida na baba yake walisema lugha ya nyumbani, lakini leo alisema Kiswahili ili wote wawili wasikie.

"Baba, ni mimi. Anasema kweli. Nimekataa."

"Kwa nini, mama?" Sauti ya mwalimu mkuu haikuwa ya gwaride tena.

"Nilitaka kujua kama inawezekana."

Mashine ya kadi ikasema kwa Kiingereza kwamba muda unakaribia kwisha.

"Sikukuuliza," akasema baba yake. "Wala Jeptoo sikumuuliza."

"Hukutuuliza, Baba."

"Nimesikia."

"Sasa usikate simu. Ngoja hapo."

Chepngetich akaushusha mkono wa simu mpaka kifuani, akamgeukia yule mwanamume mrefu, aliyelowa, mwenye vumbi na kunuka, ambaye alikuwa ameshatia kadi mfukoni na yuko tayari kuondoka.

"Niulize tena," akamwambia.

Gervas alijipangusa mikono yote miwili kwenye suruali, kisha akamuuliza. Chepngetich aliiinua simu katikati yao, ili baba yake alisikie jibu kwa masikio yake, akalisema mara moja tu, kwa sauti ya kutosha kufika Kapsabet.

"Ndiyo. Lakini utaoga kwanza."

Mzee alianza kucheka kule ng'ambo, na alikuwa bado anacheka kadi ilipokwisha.